NGIRI YA KUGONGWA: Tumbo linapochanika kwa ndani huku ngozi ikiwa nzima

Leo tuko kwenye afya, na mada yenyewe inawahusu hasa vijana wa bodaboda, wapanda baiskeli, wacheza mpira na kila mtu anayepanda gari. Yaani karibu wote tulio hapa.

Chukulia kijana ameteleza na baiskeli kwenye kokoto. Gurudumu la mbele limegeuka, ncha ya usukani imemchoma tumboni, kadondoka nayo. Ananyanyuka, anajipangusa vumbi, anaangalia tumbo: hamna kidonda, ni alama ya duara tu kama kizibo cha soda. Anaendelea na safari. Jioni anaona kuna kauvimbe chini ya kitovu upande wa kulia. Ni laini, kanaongezeka akikohoa, kanapungua akilala chali. Mtaani ataambiwa "umevilia damu tu, kakandwe na maji ya moto". Kumbe inawezekana kabisa kinachotokeza pale ni utumbo wake mwenyewe, umepenya kwenye misuli iliyochanika na sasa unazuiwa na ngozi peke yake.

Hiyo ndo ngiri ya kugongwa. Ni ngiri inayotokea pale ukuta wa tumbo unapochanika kwa pigo la kitu butu, yaani kitu ambacho hakikutoboa wala kukata ngozi.

Si ugonjwa wa kila siku. Katika majeruhi 100 waliogongwa tumboni na kufikishwa hospitali, anayekutwa nayo ni kama mmoja, au hata hafiki. Daktari mmoja aitwaye Selby aliieleza mwaka 1906, na kwa miaka mingi baada ya hapo madaktari walikuwa wakiripoti mgonjwa mmoja mmoja. Lakini huo uchache wake ndo unaoifanya iwe hatari. Kwa kuwa watu hawaijui, inapita kama uvimbe wa kawaida. Na pigo lililokuwa na nguvu ya kuchana misuli linaweza kuwa limechana na vingine ndani.

NGIRI IPI HASA?

Kabla ya kwenda mbali tuelewane kwenye neno. Hili neno ngiri mtaani limebebeshwa mizigo mingi mno. Tumbo likiunguruma, ngiri. Kiuno kikiuma, ngiri. Mwanaume akiishiwa nguvu chumbani, ngiri, na hapo utakuta vibao vya dawa vimejaa kwenye nguzo za umeme. Wengine wanaita mshipa. Wengine wanachanganya na busha, ambalo ni maji yaliyojaa kwenye mfuko wa korodani. (Ngiri wa porini yeye hahusiki kabisa, tumwache na meno yake.)

Hospitali ngiri ina maana moja: kitu cha ndani, mara nyingi utumbo au mafuta yanayoufunika, kimetoka mahali pake kupitia uwazi kwenye ukuta uliotakiwa kukizuia. Inaweza kuwa kinenani, kitovuni, au kwenye kovu la upasuaji wa zamani. Ngiri hizi tulizozizoea huja polepole. Mtu kazaliwa na uwazi, au misuli imelegea kwa umri, kwa kikohozi cha muda mrefu, kwa kubeba mizigo mizito au kujikamua sana chooni.

Ya kugongwa haina polepole. Inakuja kwa mpigo mmoja. Ili daktari aiite kwa jina hilo, huwa anaangalia mambo matatu:

1. Uvimbe umetokea baada ya pigo, mara moja au muda mfupi baadaye.
2. Ngozi ya sehemu hiyo haikutobolewa.
3. Mgonjwa hakuwa na ngiri sehemu hiyo kabla ya kuumia.

Shikeni hayo mambo matatu, tutayarudia tukifika kwenye suala la karatasi na fidia.

UKUTA WA TUMBO UKOJE?

Mbele ya tumbo hamna mfupa. Juu kuna mbavu, chini kuna nyonga, nyuma kuna uti wa mgongo. Mbele na ubavuni matumbo yetu yanalindwa na ukuta wa nyama tu.

Ukitoka nje kwenda ndani unakutana na ngozi, halafu mafuta, halafu misuli na utando wake mgumu mweupe, na mwisho utando mwembamba unaozungushia matumbo. Katikati ya tumbo kuna misuli miwili iliyosimama wima kutoka mbavuni mpaka kinenani. Ni ile ya vipande vipande wanayoitafuta vijana wa jimu. Ubavuni kuna misuli mipana mitatu iliyolaliana, kila mmoja nyuzi zake zimeelekea upande wake, kama plaiwudi. Ndo maana ukuta huu ni mwembamba lakini ni imara.

Imara, lakini si sawasawa kila mahali. Sehemu zinazochanika kirahisi ni hizi:

- Chini ya kitovu, pembeni ya ile misuli ya wima. Ukishuka chini ya kitovu, ule utando mgumu unaokaa nyuma ya misuli hiyo unaishia njiani, hivyo kinga inapungua.
- Kinenani, ambako tayari kuna njia za asili za mishipa.
- Kiunoni kwa pembeni na nyuma kidogo, juu tu ya mfupa wa nyonga, pale misuli inapojishika kwenye mfupa.

SASA KWA NINI NGOZI IBAKI NZIMA?

Hili ndo swali watu wengi wanalokwama nalo. Mtu anasema "mbona hata hajachubuka?" Jibu ni kwamba ngozi inavutika sana kuliko ule utando wa misuli. Ngozi ikisukumwa ndani inanyooka, halafu inarudi. Utando wa misuli ukivutwa ghafla kupita uwezo wake, unakatika.

Pigo linapotua, mambo mawili yanatokea kwa pamoja. La kwanza, presha ndani ya tumbo inapanda ghafla, na matumbo yanasukumwa kutafuta pa kutokea. La pili, misuli inavutwa kuelekea upande wa pigo huku sehemu zake nyingine zikiwa zimeshikwa na mfupa. Nyuzi zinachanika, na mlango unakuwa umefunguka.

Waliocheza mpira mtaani watanielewa haraka. Mpira wa ngozi ukifumuka mshono, mpira wa ndani unatokeza pale kama jipu. Ukiubonyeza unarudi, ukiachia unatoka. Tofauti ni kwamba kwetu sisi kinachofumuka ni tabaka la chini, na tabaka la juu linabaki zima likificha kila kitu.

INAPATIKANA VIPI?

Usukani wa baiskeli na pikipiki. Hii ina jina lake kabisa. Mwaka 1980 Dimyan na wenzake waliandika kuhusu "ngiri ya usukani", na jina hilo limebaki mpaka leo. Wahanga wake wakubwa ni watoto na vijana wadogo, kwa sababu ukuta wao wa tumbo ni mwembamba. Haihitaji mwendo kasi. Kinachofanya madhara ni kwamba nguvu yote ya kuanguka inakusanywa kwenye ncha moja ndogo. Usukani ambao mpira wake wa kushikia umeisha na bomba limebaki wazi ni mbaya zaidi. Tundu lake mara nyingi ni dogo, sentimita chache tu, na hukaa chini ya kitovu kwa pembeni.

Ajali za magari. Hapa nguvu ni kubwa na mchaniko unaweza kuwa mpana sana, hata misuli kung'oka kabisa kwenye mfupa wa nyonga. Mkanda wa gari nao unahusika, hasa ule wa kiunoni peke yake, au wowote uliovaliwa juu ya tumbo badala ya juu ya mifupa ya nyonga. Mwaka 1962 watafiti Garrett na Braunstein wa Marekani walieleza mkusanyiko wa majeraha yanayosababishwa na mkanda: alama ya mkanda kwenye ngozi, utumbo kuumia, na wakati mwingine pingili za uti wa mgongo kuvunjika. Ukuta wa tumbo kuchanika ni ndugu wa majeraha hayo.

Tafadhalini, asitoke mtu hapa akasema mkanda ni mbaya. Mkanda unaokoa maisha, na asiyeuvaa anapata makubwa kuliko ngiri. Tatizo ni kuuvaa vibaya.

Mapigo mengine. Teke au goti kwenye mpira, kipigo cha rungu, kupigwa pembe na ng'ombe bila kutobolewa, mpini wa mkokoteni unaorudi kwa nguvu, kuangukia kona ya meza, ukuta au kifusi kukuangukia. Na tuseme wazi, vipigo vya majumbani pia. Mwanamke au mtoto aliyepigwa teke la tumbo anaweza kuwa na jeraha hili na akaona aibu kusema limetoka wapi.

HATARI KUBWA IKO NDANI

Wengi wanaogopa uvimbe kwa sababu unaonekana. Lakini kwa mtu aliyegongwa leo, jambo la kwanza daktari anataka kujua ni kama kuna kilichopasuka ndani: utumbo, mishipa inayolisha utumbo, ini, bandama, kongosho, figo au kibofu. Ngiri iliyotokana na ajali ya gari mara nyingi haiji peke yake. Ile ya usukani huja na majeraha machache zaidi, lakini hata hapo utumbo umewahi kukutwa umetoboka.

Mbaya zaidi, utumbo uliotoboka unaweza kukaa kimya kwa saa kadhaa. Mtu anatembea, anaongea, anasema yuko poa. Halafu usiku tumbo linakuwa gumu, homa inapanda, anaanza kutapika. Bandama nayo inaweza kuvuja damu taratibu mpaka mtu anazimia. Ndo maana tunasema pigo zito la tumboni lipimwe siku hiyo hiyo, bila kusubiri lionyeshe dalili.

Hatari ya pili ni utumbo kubanwa. Kipande kilichotokeza kikinaswa kwenye tundu, damu haifiki. Ndani ya saa chache kinaanza kufa. Tundu dogo lina hatari zaidi ya kubana kuliko pana, hivyo usijifariji kwamba "kauvimbe kenyewe kadogo".

DALILI ZA KUKUPELEKA HOSPITALI SASA HIVI

- Uvimbe mpya tumboni, kinenani au kiunoni baada ya kugongwa, hata kama hauumi.
- Uvimbe uliokuwa ukirudi ndani sasa haurudi, umekuwa mgumu, unauma au ngozi yake imebadilika rangi.
- Kutapika, tumbo kujaa, kukosa choo na kushindwa kutoa upepo.
- Tumbo zima kuwa gumu kama ubao, au maumivu yanayozidi kadiri saa zinavyokwenda.
- Kizunguzungu, jasho la baridi, mapigo ya moyo kwenda mbio, kupauka midomo. Hizo ni dalili za kuvuja damu.
- Damu kwenye mkojo au choo.
- Alama ya mkanda wa gari kwenye tumbo, au duara la usukani kwenye tumbo la mtoto.
- Mjamzito aliyegongwa tumbo, kwa namna yoyote ile, hata kama anajisikia mzima.

MAMBO YA KUTOFANYA

Hapa naomba tusikilizane vizuri, maana mengi yanafanywa kwa nia njema kabisa.

Usichue, usikande. Kuchua uvimbe ambao ndani yake kuna utumbo ni kuupondaponda utumbo. Maji ya moto nayo hayazibi msuli uliochanika.

Usiusukume kwa nguvu urudi ndani. Kama umenaswa utaupasua. Na kama kipande kimeshakufa, unakirudisha tumboni kikaozee huko.

Usibane tumbo kwa kanga au mkanda ukadhani umetibu. Unaficha tu.

Usile wala kunywa kabla daktari hajakuona. Huenda ukahitaji upasuaji, na nusu kaputi kwa mtu mwenye tumbo lililojaa ni hatari. Ndugu waache uji nyumbani kwanza.

Usimeze vidonge vya maumivu ukalala. Maumivu yanaweza kupungua na jeraha likabaki pale pale. Asipirini hasa iepukwe, maana inafanya damu ivuje zaidi.

Unachotakiwa kufanya ni kumlaza majeruhi, apige magoti juu kidogo ili misuli ya tumbo ilegee, afunikwe asipate baridi, apelekwe hospitali. Kama ni ajali kubwa asikunjwekunjwe, mgongo nao unaweza kuwa umeumia.

HOSPITALI WATAFANYA NINI?

Kwanza wataangalia uhai: anapumua vipi, presha ikoje, anavuja damu au la. Watamwekea dripu. Watamuuliza ilikuwaje, na hapa sema ukweli wote. "Nimegongwa na usukani hapa" inamsaidia daktari kuliko "tumbo linauma".

Altrasaundi inatumika haraka kuangalia kama kuna damu inayoelea tumboni, na inaweza pia kuonyesha utumbo ukiwa nje ya misuli. Kipimo kinachoonyesha vizuri zaidi ni CT. Kinachora tumbo kipande kwa kipande, na daktari anaona tabaka gani limechanika, kwa upana gani, na ndani kuna nini kingine kilichoumia. Ndicho pia kinachotenganisha ngiri na damu iliyovilia kwenye misuli, maana kwa nje vinafanana sana. CT haipo kila hospitali, na hiyo ni sababu mojawapo mgonjwa anaweza kupewa rufaa kwenda hospitali ya mkoa, ya kanda au ya taifa. Ukipewa rufaa usirudi nyumbani kujifikiria.

Matibabu yanategemea hali:

Kama utumbo umepasuka au damu inavuja sana, anaingizwa chumba cha upasuaji mara moja. Tumbo linafunguliwa, vilivyoumia vinatengenezwa, na ukuta unashonwa kadiri inavyowezekana.

Kama ndani ni salama na tundu ni dogo, tabaka zilizochanika zinashonwa moja moja. Wengine hufanyiwa kupitia matundu madogo kwa kutumia kamera.

Kama mchaniko ni mpana, daktari anaweza kuweka neti maalumu ya kuimarisha ukuta, kama unavyoweka nondo kwenye zege. Ila kama utumbo umetoboka na kinyesi kimemwagika, neti inaweza kushika wadudu. Hapo madaktari wengi huacha neti, wanashona kwanza, na neti inasubiri miezi ya mbele. Misuli ikiwa imeng'oka kwenye mfupa wa nyonga, huwa wanaifunga upya kwenye mfupa wenyewe.

Kama mgonjwa ana majeraha makubwa zaidi, kichwani kwa mfano, ngiri inaweza kusubiri huku ikiangaliwa. Kusubiri huko ni uamuzi wa daktari. Mtu akitoroka wodini hasubiri matibabu, anayakimbia.

SUALA LA KARATASI

Hili watu wanalidharau halafu linawaumiza baadaye. Tanzania aliyeumia kwa ajali au kipigo hutakiwa kuwa na PF3 kutoka polisi, na fomu hiyo haiuzwi. Kenya kuna P3. Lakini uhai kwanza. Majeruhi mwenye hali mbaya akimbizwe hospitali moja kwa moja, na ndugu mwingine ndo aende kituoni.

Kwa nini karatasi ni muhimu kwenye ngiri kuliko hata kwenye mguu uliovunjika? Kwa sababu ngiri ina aina nyingi. Ukienda miezi sita baadaye kudai fidia kwenye bima ya gari lililokugonga, au kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi kama uliumia kazini, swali la kwanza ni hili: una uhakika hukuwa nayo zamani? Rudini kwenye yale mambo matatu ya mwanzo. Cheti cha hospitali kinachoonyesha tarehe ya pigo, sehemu iliyogongwa, kwamba ngozi haikutobolewa na kwamba hukuwa na uvimbe hapo kabla, ndo jibu lako. Mwombe daktari ayaandike. Tunza picha za CT na kila kipande cha karatasi. Kama unaweza, piga picha ya ile alama siku hiyo hiyo kwa simu.

MASWALI YANAYOULIZWA SANA

Inaweza kupona yenyewe? Wapo wachache, hasa watoto wenye tundu dogo sana, ambao madaktari waliwafuatilia kwa karibu na wakafunga bila kisu. Usijiweke kwenye kundi hilo wewe mwenyewe. Anayeamua ni aliyeona picha ya ndani.

Dawa za mitishamba je? Ukuta umechanika. Hamna cha kunywa kinachoweza kushona msuli, kama ambavyo hamna cha kunywa kinachoweza kuziba pancha. Ukipewa dawa ya "kukata ngiri" wakati utumbo umebanwa, kinachokatwa ni muda wako.

Mkanda wa kubana ngiri unasaidia? Unaweza kupunguza usumbufu kwa mtu anayesubiri upasuaji, kama daktari ameushauri. Si tiba.

Itaniondolea nguvu za kiume? Tundu kwenye ukuta wa tumbo halina uhusiano wa moja kwa moja na nguvu za kiume. Hiyo ni biashara ya vibao vya kwenye nguzo.

Niligongwa mwaka juzi, uvimbe upo na hauumi. Nifanyeje? Nenda kliniki ya upasuaji mchana, kwa utulivu. Ngiri za namna hii huwa zinagundulika hata miezi au miaka baada ya ajali. Kushona kwa kupangiwa ni salama kuliko kushona usiku wa manane utumbo ukiwa umeshabanwa.

Nitarudi kazini lini? Inategemea ukubwa wa mchaniko. Kwa kawaida utatembea mapema, ila mizigo mizito, mpira na pikipiki huzuiwa kwa wiki kadhaa, mara nyingi 4 hadi 6 au zaidi. Ukikimbilia gunia la mkaa wiki ya pili, mshono unaachia na unaanza moja.

Na ile ya utumbo kupanda kifuani ni hii hii? Ni ndugu yake. Pigo kubwa linaweza kuchana kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Tumbo la chakula au utumbo unapanda kifuani, mara nyingi upande wa kushoto, kwa kuwa kulia kuna ini linalokinga. Hapo hutaona uvimbe wowote nje. Mtu anapata shida ya kupumua. Nayo ni ya upasuaji.

KUJIKINGA

- Angalia ncha za usukani wa baiskeli au pikipiki yako. Kama mpira wa kushikia umetoboka na chuma kinaonekana, weka mwingine. Kwa fundi ni kazi ya dakika chache.
- Baiskeli ya mtoto iwe saizi yake, na usukani umekazwa usizunguke ovyo.
- Bodaboda, acheni kupakia mtoto mbele kwenye tangi. Mkifunga breki ghafla, kilicho mbele ya tumbo lake ni usukani.
- Mkanda wa gari, ile sehemu ya kiunoni ikae chini, juu ya mifupa ya nyonga, isikae kwenye tumbo. Wa begani upite katikati ya kifua. Mjamzito apitishe wa chini chini ya tumbo, kamwe si juu yake.
- Ukiweza kuchagua siti, chagua yenye mkanda unaopita begani na kiunoni. Mkanda wa namna hiyo alioubuni Nils Bohlin wa Volvo mwaka 1959 unagawa nguvu ya ajali kwenye mifupa badala ya tumbo laini.
- Mtoto akianguka na baiskeli, usiishie kuangalia magoti. Mfunue shati uangalie tumbo, na uangalie tena kesho yake asubuhi.

Wadau, ukiacha yote ubaki na moja tu, liwe hili: ngozi nzima si ushahidi kwamba tumbo ni zima. Pigo zito la tumbo, uvimbe usiokuwepo jana, hospitali. Mwenye swali au aliyewahi kumuuguza mtu wa hivi atuandikie hapo chini, na ukimaliza kusoma mwambie na yule dereva wako wa bodaboda pale kijiweni.